Melatonini na fizi za nahodha wa dagaa: uchambuzi wa kisa kimoja, Mwanza

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 52, nahodha wa mtumbwi wa dagaa kwenye mwalo mmoja upande wa Ilemela. Nimeunganisha sura za wagonjwa wa aina yake ili asitambulike mtu, na jina la mwalo nimeliacha makusudi. Kilichomleta kliniki ni meno mawili ya mbele, ya chini, yanayocheza akitafuna muhogo, pamoja na maneno ya mkewe kwamba kinywa chake kinanuka hata akiwa ametoka kupiga mswaki. Kwa sisi tunaotibu fizi, malalamiko hayo tunayasikia kila wiki. Kigeni kilikuwa chupa ya plastiki aliyoitoa mfukoni na kuiweka mezani: vidonge vya melatonini, homoni ya usingizi, miligramu 10 kila kimoja, alivyotumiwa na mpwa wake anayeishi Marekani. Mpwa alikuwa amesoma kwamba melatonini inatibu ugonjwa wa fizi. Mjomba akavimeza kwa zaidi ya mwezi, na siku ile hakuja hasa kutibiwa. Alikuja kuuliza kama sasa ameze viwili badala ya kimoja.

"Shikamoo mzee. Hivi vidonge unavimeza saa ngapi?"

"Marahaba daktari. Jioni, tukimaliza kula, kabla hatujaingia ziwani."

"Na unalala saa ngapi?"

"Kulala? Siku za giza mimi silali usiku, daktari. Nalala nikirudi, jua likishatoka."

Siku za giza ni zile zisizo na mbalamwezi, dagaa wanapovuliwa kwa taa. Majibu hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nikiandike kisa hiki. Ila kwanza kinywa chenyewe.

Alivyoonekana kitini

Tunapima ufizi kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Unakiteremsha taratibu kati ya jino na ufizi. Penye afya kinazama milimita 1 hadi 3. Kwa nahodha kilizama 5 sehemu nyingi, na kwenye magego ya chini kulia kikafika 7. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa unaoyashika meno ya mbele ya chini umeshuka kupita nusu ya mzizi. Nyuma ya meno hayohayo ugaga, yaani ukoga uliogeuka jiwe, ulikuwa umeshikana jino kwa jino, mgumu, mweusi kwa moshi wa sigara. Hii ni periodontaitisi. Ufizi kuvimba ni sehemu yake ndogo. Kubwa ni mfupa unaoliwa chini kwa chini, na mfupa huo ukishaliwa haurudi wenyewe. Kwa mpangilio wa kimataifa uliotolewa mwaka 2018, ugonjwa huu una hatua nne, naye alikuwa kwenye ya tatu. Kasi yake tuliiandika C, yaani kali, kwa sababu mpangilio huohuo unamweka huko yeyote anayevuta sigara 10 au zaidi kwa siku. Yeye alikiri kuvuta pakiti nzima usiku wa baridi.

Damu haikutoka nyingi nilipopima. Mtu asiyezoea anaweza kuliona hilo kuwa dalili njema, na nahodha aliliona hivyo: "Kabla ya hivi vidonge nilikuwa natema damu, sasa hivi hakuna." Lakini nikotini inabana mishipa midogo ya ufizi, kwa hiyo fizi za mvutaji hutoa damu kidogo hata zikiwa mbovu kabisa. Wengi wanaoacha sigara hushtuka wiki za mwanzo wakiona damu imeongezeka, kumbe ufizi ndio umeanza kupata damu yake kama kawaida.

Kulikuwa na maelezo mengine pia, na ilibidi nimchimbe kidogo ili yatoke. Wiki ile chupa ilipofika, alikuwa na uvimbe nyuma ya gego la kulia, unapwita, shavu limejaa. Asubuhi moja akiwa anavuta nyavu ulipasuka, akatema usaha na damu, na maumivu yakaisha siku ileile. Lilikuwa jipu la ufizi, na jipu likipasuka presha ya usaha inashuka na mtu anapata nafuu kubwa bila dawa yoyote. Mfuko uliolizaa, yaani mwanya ulioingia kati ya jino na ufizi, unabaki palepale. Kwa hesabu ya nahodha alimeza vidonge akapona, na sikumlaumu kwa kuhesabu hivyo. Mambo mawili yalifuatana, na la pili lilikuwa jema.

Nilimchoma kidole nipime sukari kabla ya kuendelea, kama tunavyofanya kwa kila mtu mwenye jipu la ufizi na mfupa ulioliwa kiasi hiki. Ilisoma 15.8, bila kufunga. Kukojoa sana usiku alikuwa akisingizia baridi ya ziwa, na kiu akisingizia chumvi ya dagaa wa kukaanga. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, kilirudi kikiwa asilimia 9.1. Ukifika 6.5 au zaidi una kisukari. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Mpwa hakudanganya

Ni rahisi kwa daktari kuicheka chupa ya namna hii. Sikuicheka, kwa sababu alichokisoma yule kijana kipo kweli.

Melatonini ilipatikana mwaka 1958 mikononi mwa Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyekuwa akiitafuta ndani ya tezi za pineali za ng'ombe akitumaini kupata tiba ya magonjwa ya rangi ya ngozi. Tezi hiyo imo katikati ya ubongo na urefu wake hauzidi sentimita moja. Giza likiingia inaanza kutoa homoni hii, kiwango kinafika kilele kati ya saa nane na saa kumi usiku, na mwanga ukiingia machoni inakatiza. Ndiyo maana wengi wanaijua kama homoni ya usingizi. Lakini inatengenezwa pia utumboni na kwenye uboho wa mifupa, na inafika hadi kwenye mate, ambako kiwango chake ni kama robo hadi theluthi ya kile cha kwenye damu. Fizi zako zinaipata kila usiku bila wewe kujua.

Inafanya nini huko? Bakteria wa ukoga, ule utando laini unaoganda kwenye meno, Porphyromonas gingivalis akiwa mmoja wa wabaya wao, ndio wanaoanzisha ugonjwa, lakini sehemu kubwa ya uharibifu inafanywa na mwili wenyewe. Seli nyeupe za damu zinamwaga radikali huru, kemikali kali zinazounguza bakteria na nyama ya ufizi pamoja. Kisha inapanda protini iitwayo RANKL, inayoziamsha osteoklasti, seli zinazokula mfupa. Melatonini inazima radikali huru, inatuliza mcharuko (uvimbe wa mwili unapojihami), na katika majaribio imeishusha RANKL huku ikiipandisha osteoprotegerini, ambayo kazi yake ni kuizuia RANKL isifanye kazi. Kwa karatasi, ni kama dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huu.

Watafiti wa Granada, Hispania, Antonio Cutando akiwa mmoja wao, walionyesha mwaka 2003 kwamba kwa wagonjwa wa kisukari, kadiri fizi zilivyokuwa mbaya ndivyo melatonini ya kwenye mate ilivyopungua. Baadaye walipaka fizi za wagonjwa wa kisukari krimu yenye melatonini asilimia 1 kwa siku 20. Hali ya fizi ikawa nafuu na RANKL kwenye mate ikashuka. Mwaka 2019 ikachapishwa kazi ya El-Sharkawy na wenzake wa Misri: wagonjwa wa periodontaitisi waliokuwa pia na tatizo la kukosa usingizi walikwanguliwa ugaga, kisha wengine wakapewa miligramu 10 za melatonini kabla ya kulala kwa miezi miwili, wengine kidonge kisicho na dawa. Waliopewa melatonini walipona zaidi. Mwaka huohuo watafiti wa Iran waliripoti mwelekeo uleule kwa wagonjwa wa kisukari waliomeza kwa wiki 8.

Miligramu 10, kabla ya kulala. Hiyo ndiyo dozi ya kwenye chupa ya mjomba, kwa hiyo mpwa alisoma vizuri kuliko watu wengi wanaonitumia picha za dawa kwenye simu. Alichoruka ni maneno machache yaliyoandikwa kabla ya dozi: walikwanguliwa ugaga. Wote, waliopewa dawa na wasiopewa. Hakuna katika majaribio hayo aliyemeza kidonge juu ya ugaga wa miaka kumi na kuachwa nao. Na haikuwezekana iwe vinginevyo, kwa sababu ugaga ni ukoga uliokwisha kushika madini ya kalisi na fosfeti ukawa jiwe, na hakuna kitu unachoweza kukimeza kikaenda kuliyeyusha jiwe lile chini ya ufizi. Linatolewa kwa mkono au kwa mashine. Melatonini kwa fizi ni saidia fundi: fundi asipofika saiti, hana wa kumsaidia.

Nina mashaka mengine mawili juu ya tafiti hizi, na nayasema nikiwa mtu anayetamani zifanikiwe. La kwanza ni udogo wake. Washiriki ni makumi, muda ni miezi michache, na dozi zinatofautiana kutoka utafiti hadi utafiti. Tumeshaona dawa nyingine zikianza hivihivi. Jeli za statini (dawa za kolesteroli) na jeli za metformin (dawa ya kisukari) za kuweka kwenye mfuko wa ufizi zilikuwa na majaribio madogo mengi ya kuvutia, na bado mwongozo wa Ulaya wa 2020 wa kutibu periodontaitisi ulisema zisitumike, kwa kuwa ushahidi haujatosha. La pili ni panya. Sehemu kubwa ya habari nzuri za mfupa kutoliwa inatoka kwa panya, na dozi inayotumika sana huko ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Ukiibadilisha kwa kanuni ya kawaida ya kuhamisha dozi kutoka panya hadi mtu, mtu wa kilo 70 anafika kwenye miligramu 110 hivi. Ukisoma "mfupa ulilindwa", angalia kwanza ulikuwa mfupa wa nani.

Nadharia tamu

Ukimsimulia kisa hiki mtu aliyesoma kidogo habari za mwanga na usingizi, ataruka: mvuvi anakesha mbele ya taa, taa zinamnyima melatonini, melatonini ikikosekana fizi zinaharibika, basi mpe melatonini. Mimi mwenyewe niliipenda nadharia hii kwa muda wa kutosha kwenda kuisomea.

Ina mguu mmoja mzima. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walithibitisha kwamba mwanga mkali unazuia melatonini kwa binadamu, na mwanga wa rangi ya buluu ndio unaozuia zaidi. Siku za karabai, mwanga wa ziwani ulikuwa wa njano ya mafuta ya taa. Sasa mitumbwi mingi inatumia taa za LED zinazochajiwa kwa sola, nyeupe, zenye buluu nyingi ndani yake. Utafiti wa Australia wa mwaka 2019 ulikuta kwamba mwanga wa kama laksi 25 tu (laksi ni kipimo cha mwanga), hafifu kuliko wa sebule nyingi, unatosha kuipunguza melatonini kwa nusu kwa mtu wa wastani, ingawa watu walitofautiana zaidi ya mara 50 katika kuathirika. Kwa hiyo sishangai mtu akiniambia kwamba nahodha wa dagaa usiku wa manane ana melatonini kidogo mwilini.

Mguu wa pili umelegea. Melatonini ndogo kwenye mate ya mwenye fizi mbovu inaweza kuwa chanzo, inaweza pia kuwa matokeo: huenda imetumika yote kupambana na radikali huru, au imepungua kwa umri, kwa kisukari, kwa kukesha. Nahodha ana vyote vitatu. Tena kliniki yangu imejaa waendesha bodaboda wa mchana na wenye maduka wanaolala saa nne usiku, wenye mifuko ya milimita 7 kama yake. Kinachowaunganisha na nahodha ni ugaga, sigara na sukari.

Kazi ya usiku inamuumiza kwa njia nyingine, iliyo wazi zaidi. Usiku wa giza ziwani ni mrefu. Unakunywa chai ya sukari nyingi kwenye chupa ya chai, soda, maandazi, sigara juu yake, na saa kumi usiku unakula tena ili usisinzie. Mtumbwi unarudi asubuhi, dagaa wanahesabiwa kwa ndoo na kwenda kuanikwa, wewe unajitupa kitandani na kinywa kama kilivyo. Usingizini mate yanapungua sana, na mate ndiyo yanayosuuza. Nilipomuuliza anapiga mswaki saa ngapi alijibu "asubuhi", kama wanavyojibu watu wote. Asubuhi yake ni saa nane mchana, akiamka. Yaani kila siku chakula na ukoga vililala naye masaa saba, na mswaki ukaja baadaye. Hilo peke yake linatosha kuharibu fizi. Mwaka 1965 Harald Löe aliwaambia vijana 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno; wote walipata uvimbe wa fizi ndani ya wiki tatu, na waliporudia kusafisha ukaisha.

Saa ya chupa na saa ya ziwa

Maandishi ya kwenye chupa yanasema umeze kabla ya kulala, na mpwa akatafsiri "kila usiku". Aliyeandika alikuwa na picha ya mtu anayelala usiku. Nahodha hakuwa na usiku wa kulala, basi akatafuta saa inayofanana nao: jioni, baada ya ugali, kabla ya kuingia ziwani.

Kidonge cha kawaida cha melatonini kinafika kileleni kwenye damu kwa muda wa kama saa moja. Maana yake usingizi ulikuwa unamkuta wakati taa zimeshashushwa, mtumbwi uko mbali na nchi kavu, na yeye ndiye anayetegemewa kuangalia upepo. Alinisimulia akicheka kwamba usiku mmoja vijana wake walimwamsha kwa kumwagia maji, kwa kuwa taa moja ilikuwa imekatika kamba na kwenda na mawimbi. Sikucheka naye. Ziwa Victoria linabadilika ghafla usiku, na wanaofanya kazi humo wanajua zaidi yangu ni wangapi hawakurudi. Kati ya hatari zote za chupa ile, hii ndiyo ningeitaja kwanza, na haimo katika mjadala wowote wa melatonini na fizi niliowahi kuusoma, kwa kuwa washiriki wa majaribio walikuwa wakimeza kisha wanalala.

Halafu kuna swali la kilichomo. Marekani melatonini inauzwa kama nyongeza ya chakula, bila kupita njia ya dawa. Uingereza ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini: nyingine ilikuwa na pungufu ya asilimia 83 ya kilichoandikwa, nyingine ilizidi kwa asilimia 478, na 8 kati yake zilikuwa na serotonini, kemikali nyingine ya mwili, ambayo haikuandikwa kabisa. Kwa hiyo nahodha aliponiuliza kama aongeze kuwa viwili, sikuweza hata kumwambia ameshameza kiasi gani.

Kidonge kingine mfukoni

Niliomba anionyeshe dawa zote anazotumia, si hizi za Marekani tu. Ni ombi ninalolirudia kwa kila mtu, na mara nyingi linaleta panadol na majani ya mti fulani. Safari hii lilileta nifedipine. Alikuwa akiitumia kwa presha kwa miaka kadhaa, akiinunua mwenyewe duka la dawa karatasi ikiisha.

Nifedipine ina mambo mawili hapa. Kwa baadhi ya watu inaukuza ufizi: vinyama vigumu, vya waridi, vinajitokeza katikati ya meno ya mbele na kupanda juu ya jino, na ukoga ukiwepo vinakua zaidi. Nilikuwa nimeviona nilipopima, nikaviweka kwenye hesabu ya mcharuko. Vilikuwa vigumu mno kuwa mcharuko mtupu. Sehemu ya kile nahodha alichoita "fizi kuvimba" ilitokana na dawa yake ya presha.

La pili linahusu chupa moja kwa moja. Mwaka 2000 watafiti wa Italia waliwapa wagonjwa 47, ambao presha yao ilikuwa imetulia kwa nifedipine, miligramu 5 za melatonini kila usiku kwa wiki nne. Presha ilipanda: wastani wa zaidi ya 6 kwa namba ya juu na karibu 5 kwa namba ya chini. Si nyingi kwa mtu mmoja siku moja, lakini kwa mvutaji mwenye kisukari anayebeba kiharusi mlangoni, sitaki hata 6. Siku ile presha yake ilikuwa 158 kwa 96. Siwezi kusema melatonini ndiyo iliyoipandisha. Alikuwa pia ametoka kuvuta nje ya lango. Jambo la kuchekesha, ukitaka kucheka, ni kwamba sigara hizohizo zinaliharakisha ini kuivunja melatonini, hivyo alikuwa akimeza kwa mkono mmoja na kufuta kwa mwingine.

Tulichofanya

Vidonge vya melatonini tuliviacha siku hiyohiyo. Nilimwandikia barua daktari wa magonjwa ya ndani, sukari na presha pamoja, nikataja ufizi ulivyokua na kuuliza kama nifedipine inaweza kubadilishwa. Kubadilisha dawa ya presha si kazi ya mtu wa meno, na mgonjwa asiiache mwenyewe kwa kusoma hapa. Daktari alimhamishia kwenye losartan, dawa nyingine ya presha, na kumwanzishia metformin ya sukari.

Kukwangua tulikupanga kwa mwezi wa angani. Siku za mbalamwezi dagaa hawaifuati taa vizuri, mitumbwi mingi inapumzika, na mvuvi anapatikana mchana akiwa ameshalala. Ukimpangia siku za giza hatokei, na akitokea anasinzia kitini mdomo wazi, jambo ambalo kwa kweli lina raha yake kwa daktari. Tulifanya robo moja ya kinywa baada ya nyingine kwa sindano ya ganzi, juu na chini ya ufizi, mpaka mizizi ikawa laini. Jino moja la mbele lilikuwa halina mfupa wa kulibeba, tukaling'oa. Jirani yake tulilifunga kwa waya na wenzake. Alipewa dawa ya kusukutua ya klorheksidini asilimia 0.2 kwa wiki mbili tu, maana ikizidi inayachafua meno rangi ya kahawia na mtu anadhani umemharibu.

Mswaki tuliuhamisha. Sasa anapiga akirudi kutoka ziwani, kabla hajalala, na kati ya meno anapitisha brashi ndogo kwenye nafasi zilizoachwa na mfupa ulioshuka. Mkewe ndiye msimamizi. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika, na sijapata msimamizi mkali kuliko yeye.

Baada ya miezi mitatu nilipima tena. Mifuko mingi ya milimita 5 ilikuwa imefika 3. Ile ya 7 imefika 5. Vile vinyama vigumu vya mbele vimepungua, si vyote. HbA1c ilishuka kutoka 9.1 hadi 7.6. Hapo nahodha alitaka kujua sukari imeshushwa na nani, kwa kuwa nilimwambia mwanzoni kwamba kutibu fizi kunaisaidia sukari. Kunaisaidia: mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, shirika linalojumlisha matokeo ya tafiti nyingi, yalikuta kwamba kutibu periodontaitisi kunashusha HbA1c kwa wastani wa pointi 0.43 baada ya miezi mitatu minne. Sehemu kubwa iliyobaki nairudishia metformin na chai iliyopunguzwa sukari.

Mpwa alipiga simu tukiwa kliniki, akaomba kuongea nami. Aliuliza swali zuri: sasa ugaga umetolewa na nifedipine imeondoka, kwa nini mjomba asirudie melatonini kama wale wa Misri? Nikamjibu kwamba wale wa Misri walikuwa watu wasiopata usingizi, waliokuwa wakilala usiku. Mjomba wake hana shida ya kulala, ana shida ya saa. Siku za giza akimeza jioni anahatarisha mtumbwi. Akimeza asubuhi anaporudi, mapitio mengine ya Cochrane, ya 2014, yanaonyesha kwamba mfanyakazi wa usiku anaongeza labda dakika 24 za usingizi wa mchana, na ushahidi wenyewe ni dhaifu. Na kama hiyo asubuhi inamsaidia ufizi, hakuna jaribio nililoliona lililompima mtu wa namna hiyo. Krimu ya kupaka kwenye fizi ingekuwa njia bora kwake, kwa sababu inabaki pale inapohitajika, lakini krimu ya Granada ilitengenezwa kwa ajili ya utafiti; haipo kwenye rafu ya duka. Ikifika siku ikapatikana kama dawa iliyopimwa, nahodha ni mtu ningempa baada ya kumkwangua. Mpwa akauliza atume nini basi. Nikamwambia zile brashi ndogo za kati ya meno, saizi mbili, nyingi.

Sigara amezipunguza hadi nne kwa usiku. Mfuko wa milimita 5 kwenye gego la kulia bado unatoa damu ukiguswa, na nimemwandikia arudi mbalamwezi ijayo tuukwangue tena. Ukikataa kushuka, na HbA1c ikiwa imeshafika 7, tutaufungua ufizi pale kwa upasuaji mdogo tuone mzizi kwa macho.